Mtoto anatimiza mwaka mmoja: keki, vitumbua au mkate wa kumimina?

Mama wa Ligula, Mtwara
Habari za jioni, wapendwa. Binti yetu anatimiza mwaka mmoja Jumamosi ijayo, nasi tumeamua kupika nyumbani badala ya kuagiza, kwa kuwa tunataka mwenye sherehe naye ale kinachoandaliwa. Ninapima kati ya keki ya jiko la mkaa, vitumbua vya nazi na mkate wa kumimina. Ningependa pia kashata za korosho ziwepo mezani. Naombeni ushauri wenu.

Bibi wa Mikindani
Mjukuu wangu, hongera kwa kulea. Mimi nasema vitumbua. Loweka mchele usiku kucha, usage kwa tui zito, utie hamira na iliki, na kabla hujatia sukari uchote bakuli moja la uji huo, uponde ndizi mbivu ndani yake. Hilo ndilo fungu la mtoto. Kitumbua kikiiva huwa laini katikati, lakini ukingo wake hukauka, kwa hiyo ukate kwanza ndipo umpe. Kwa joto letu hili, uji wenye tui ukishaumuka uchome mara moja, kwani ukiuacha hadi mchana utachacha.

Mpishi wa Lindi Mjini
Shikamoo Bibi. Vitumbua ni vitamu vikiwa vya moto, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe kwa heshima, maana mama atabaki jikoni wakati wageni wanaingia. Keki hupikwa siku moja kabla. Dada, tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uupashe moto, uweke chombo cha keki juu yake, kisha ufunike na kupanga makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Usifunue mapema, la sivyo itabonyea katikati. Mkate wa kumimina nisingeujaribu kwa mara ya kwanza siku ya wageni, kwa sababu hamira ikigoma hakuna cha kuokoa.

Muuguzi, Masasi
Kashata ziwe za watu wazima tu. Mtoto wa umri huo hawezi kusaga korosho kwa meno aliyonayo, na kipande kigumu huweza kuziba njia ya hewa. Bisi na ubuyu wenye kokwa nao ni hivyo hivyo, hata kwa watoto wa jirani walio chini ya miaka 5. Korosho iliyosagwa ikalainika kabisa inafaa, ila kama hajawahi kuila, mwonjesheni kidogo siku nyingine kabla ya sherehe, mkiangalia vipele, kuvimba midomo au kutapika. Akipumua kwa shida, mkimbizeni hospitali papo hapo. Asali asionjeshwe kabla hajatimiza miezi 12. Kuhusu sukari, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi, kwa hiyo krimu ya keki si yake.

Mama wa Ligula, Mtwara
Ahsanteni sana, Bibi, shikamoo. Nitapika keki Ijumaa kwa ajili ya wageni, na Jumamosi asubuhi nitachoma vitumbua vichache vya ndizi visivyo na sukari kwa ajili ya binti. Kashata zitakaa kwenye sinia la wazee, juu ya kabati.

Bibi wa Mikindani
Marahaba, mjukuu. Ndizi ziwe zimeiva hadi ganda kuwa na madoa meusi, ndipo utamu wake utatosha.