Mapitio ya kitabu cha tarika kwa jarida la taaluma za dini: nianzie wapi?

Mwanafunzi wa Iringa

Ndugu zangu, habari za kazi. Mhariri wa jarida moja la taaluma za dini amenikabidhi kitabu kipya kuhusu historia ya Qadiriyya, mojawapo ya tarika (jumuiya za Kisufi za Kiislamu), katika Bagamoyo na mwambao wa kusini, na anataka mapitio ya maneno 1,000. Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, ni Mlutheri, na hii ni mara yangu ya kwanza kupewa kazi ya namna hii. Kitabu nimekisoma chote, lakini kila ninapokaa kuandika najikuta naeleza sura moja baada ya nyingine. Naomba msaada katika mambo mawili: muhtasari uishie wapi na tathmini ianzie wapi? Na je, mtu asiye Mwislamu ana haki ya kusema kwamba mwandishi ameieleza zikri (ibada ya kumtaja Mungu kwa pamoja) isivyo, na anapaswa kumtajia msomaji imani yake?

Mzee wa Maktaba

Ndugu Mwanafunzi, maelezo ya sura kwa sura msomaji atayapata katika utangulizi wa kitabu chenyewe. Aya moja, zikizidi mbili, zinatosha kueleza mwandishi anadai nini. Baada ya hapo nenda kwenye tanbihi, mahali mwandishi anapotaja vyanzo vyake, kwa kuwa huko ndiko uzito wa kitabu cha historia unakopimwa.

Chukua mfano wa Barua ya Makka ya mwaka 1908. Barua ile ilisambaa katika miji ya pwani ya koloni la Wajerumani, Lindi ikiwemo, ikiwahimiza Waislamu watubu kwa kuwa Kiyama kimekaribia. Maofisa wa Kijerumani, ambao Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 vilikuwa bado vimewakaa rohoni, waliiona kuwa ni mwito wa uasi, na taarifa zao zikajaa mashaka dhidi ya masheikh. Mwandishi anayeyategemea majalada hayo peke yake ataandika historia ya hofu ya watawala akidhani anaandika historia ya dini.

Kwa hiyo chunguza kama mwandishi wako ametumia pia silsila (orodha za masheikh waliopokezana tarika) na ijaza (hati za idhini ya kufundisha) zilizohifadhiwa majumbani, kasida, na masimulizi ya wazee. Mtazame anapofika kwa Sheikh Ramiya, aliyetoka Manyema, mashariki ya Kongo, akafika pwani akiwa mtumwa, kisha akawa kiongozi mkubwa wa Qadiriyya pale Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 1931. Je, anatuonyesha ni kwa njia gani mtu wa asili ile alikubalika kuwa mwalimu na sheikh, au anatuarifu tu kwamba alikubalika? Ukilijibu swali hilo moja vizuri, huku ukitaja kurasa, utakuwa umemsaidia msomaji kuliko kumwaga sifa kwa kitabu kizima.

Bintishekhe

Naongezea kuhusu swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi. Haki ya kuhakiki haitokani na dini ya mhakiki bali inatokana na ushahidi anaouleta. Okot p'Bitek, mshairi na mtaalamu wa Uganda, alipomkosoa mwanateolojia wa Kenya John Mbiti na wenzake kwa kuwavika miungu wa Kiafrika sifa zilizokopwa kutoka falsafa ya Kigiriki, hoja yake ilipata nguvu kwa sababu aliijenga juu ya dini ya Waacholi, ambayo aliijua na kuitafiti. Wewe nawe ukitaka kusema kwamba zikri imeelezwa isivyo, onyesha umelijuaje hilo: umehudhuria, umemwuliza khalifa (kiongozi wa tarika), au umelinganisha na maandishi mengine.

Tazama pia jinsi mwandishi anavyoieleza zikri yenyewe. Kuna waandishi wanaoiona kama ngoma tu, wakaeleza watu wanavyosimama, wanavyoinama kwa pamoja na pumzi zinavyofuatana, wasiseme neno juu ya kinachotajwa wala adabu inayomfunga murid (mfuasi wa tarika) kwa sheikh wake. Vilevile wapo Waislamu wanaoiita zikri ya namna hiyo bidaa (uzushi katika dini), na kitabu cha haki hakina budi kuzisikiliza pande zote mbili bila kujifanya kadhi. Imani yako si lazima uitaje, isipokuwa pale inapobadilisha jinsi ulivyosoma sehemu fulani.

Mhariri wa zamani

Mambo machache ya kazi. Kama unamfahamu mwandishi kwa karibu, mweleze mhariri kabla hujaandika. Usimdai mwandishi kitabu ambacho hakukusudia kukiandika. Makosa ya chapa yaache, lakini majina ya Kiarabu yakiandikwa kwa namna tatu tofauti na faharasa ikawa haisaidii, sema, kwa sababu mtafiti atahangaika. Sema pia kitabu kinamfaa nani, kwa kuwa maktaba nyingi za vyuo vyetu huamua kununua kwa kusoma mapitio.

Mwanafunzi wa Iringa

Nawashukuru sana. Nimerudi kwenye tanbihi kama Mzee alivyoelekeza, nikaona kwamba sura ya Bagamoyo imejengwa juu ya mahojiano na wazee, ilhali sura ya Lindi karibu yote inatoka katika majalada ya utawala, na mwandishi hasemi popote kwa nini. Tathmini yangu itaanzia hapo.