Kijana wangu wa miaka 15 ananuka fegi, nimkataze marafiki wake wa Kayole?

mama_donholm: Wazazi wenzangu hamjambo. Jana nikifua suruali ya shule nikapata maganda ya machungwa mfukoni, yamekauka, nikashangaa yanafanya nini huko, kumbe ndiyo wanasugulia vidole harufu ya sigara iishe. Ako kidato cha pili, shule ya kutwa. Baba yake anasema ni wale marafiki wa mtaa wa Kayole hapa Nairobi anashuka nao stejini, eti tumkataze hata kuwasalimia. Mimi roho inaniuma kwa sababu hao watoto wamekula kwangu, wana adabu. Nifanyeje?

ticha_mtaani: Pole mama. Mimi ni mwalimu na nakuambia usiangalie mtaa. Hawa wetu wa Eastlands wananunua fegi moja wanapitishiana watu wanne, wale wa mitaa ya pesa wanakuja na vepu, ile sigara ya umeme, inanuka embe na inafanana na flash ya kompyuta, mzazi anaiona mezani anafikiri ni ya homuwaki. Nikotini ni ile ile na ubongo wa miaka 15 unaizoea haraka. Tena tusilaumu tu mabeshte, mara nyingi mtoto akishaanza ndiyo anatafuta wenzake wanaovuta.

boy_wa_pipeline: Mimi nilianza na miaka 14 na sikufunzwa na mtu wa Pipeline. Nilipata skolaship shule ya watoto wa Lavington na Kileleshwa, mimi sina simu, sina pesa ya kantini, likizo wakiongea vile walienda Mombasa mimi nanyamaza tu. Nyuma ya bweni ndiyo pahali pekee tulikuwa sawa, fegi ikifika kwako unavuta unapitisha, hakuna anauliza babako anafanya kazi gani. Mamangu angenikataza wale marafiki ningebaki na fegi peke yake. Muulize huyo boy akiwa na hao watu anapata nini, na umuulize bila baba yake kusimama hapo mlangoni.

shosh_umoja: Na mwenye duka je? Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuzia mtoto chini ya miaka 18 na inakataza kuuza moja moja, lakini hapa kwetu unaona mtoto na yunifomu anapewa moja na kiberiti juu. Mimi nilienda kwa huyo wa karibu nikamwambia huyu ni mjukuu wangu, mwangalie uso vizuri. Aliacha kumuuzia. NACADA, wale wa serikali wa kupigana na ulevi na dawa za kulevya, pia wako na laini ya simu ya bure, 1192.

mama_donholm: Asanteni, nimesoma nikalia. Nimeongea naye tukianika nguo juu ya ploti, tuwili tu. Amesema si wa Kayole, ni yeye aliwaletea, alipewa na binamu yake wa South C pale kwa harusi mwezi wa nane. Sasa sijui nitamwambiaje baba yake hilo ni la upande wake.