Giethoorn, kijiji cha mifereji kisichoingia magari: je, panamfaa mzazi mwenye goti bovu?

BintiPangani (Köln):

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mama yangu anakuja kutoka Pangani kunitembelea hapa Köln, Ujerumani, mwezi Mei, na tangu mjukuu wake amwonyeshe picha za Giethoorn kwenye simu, amesema hataki kupelekwa kwingine kabla ya huko. Nimesoma kwamba ni kijiji cha Uholanzi, katika mkoa wa Overijssel, ambacho nyumba zake zimejengwa juu ya visiwa vidogo vilivyounganishwa kwa madaraja ya mbao zaidi ya 170, na kwamba watu huenda huko na huko kwa miguu, kwa baiskeli au kwa mashua. Wasiwasi wangu unatokana na jambo lile lile linalosifiwa: ikiwa gari haliingii, mama wa miaka sabini na ushei mwenye goti linalomsumbua atatembeaje? Sisi wenyewe hatuna gari, kwa hiyo tutakwenda kwa treni. Ningependa pia kujua kama inafaa tukodi mashua na kuiendesha wenyewe, au ni afadhali tupande yenye nahodha. Tutakuwa watu wazima watatu na mtoto wa miaka sita.

Mkazi wa Zwolle:

Dada, mama asikatishwe tamaa. Mimi naishi Zwolle, ambako ndiko mtakakobadilishia treni, na sijapata bado mgeni kutoka nyumbani ambaye hakutaka kupelekwa Giethoorn. Kwanza, hiyo habari ya kutokuwa na magari ina mipaka yake. Pembeni mwa kijiji cha zamani ipo barabara ya lami, Beulakerweg, ambayo mabasi na magari hupita kama kawaida, na wenyeji wengi wana magari yao. Huyaegesha kando, kisha humalizia safari kwa miguu, kwa baiskeli, kwa toroli au kwa mashua. Mahali ambapo gari haliingii ni kandokando ya mfereji wa kijiji, kwa sababu njia ya hapo, Binnenpad, ni nyembamba kiasi kwamba baiskeli mbili zikikutana na watembea kwa miguu, lazima mmoja asubiri.

Kutoka Köln pandeni treni ya kimataifa iendayo Amsterdam, mshuke Arnhem, mchukue treni ya Zwolle, na kutoka hapo treni ya kuelekea Leeuwarden inayosimama Steenwijk. Nje ya stesheni ya Steenwijk mtapata basi namba 70 la kuwafikisha Giethoorn. Msitegemee fedha taslimu, kwa kuwa madereva hawazipokei. Kila mtu mzima awe na kadi yake ya benki, aigusishe kwenye mashine anapopanda, na aiguse tena anaposhuka. Kadi moja haiwezi kulipia watu wawili katika safari moja, na wageni wengi hukwamia hapo. Mama achukue pasipoti yake: viza ya Schengen aliyopewa na Wajerumani inamruhusu kuingia Uholanzi, lakini polisi wanaweza kuikagua mpakani.

Sasa kuhusu goti. Njia yenyewe ni tambarare, ila madaraja yamepinda kwa juu ili mashua zipite chini yake, na baadhi yana mwinuko mkali kwa mtu anayetumia mkongojo. Habari njema ni kwamba hamna haja ya kuyavuka yote. Madaraja mengi yanaelekea kwenye ua wa mtu, na kibao kitawaambia wazi kwamba hapo ni nyumbani kwa watu. Kwa hiyo mama aketi kwenye mashua na kijiji kipite mbele yake.

Mimi ningechagua mashua yenye nahodha. Hizo ndogo za umeme ambazo watu hujiendeshea hazihitaji leseni, na kwa kweli hazina kelele hata kidogo, lakini siku ya watu wengi mfereji hujaa wageni ambao hawajawahi kushika usukani; mmoja hukata kushoto, mwingine hurudi nyuma, na mbao zinazozuia ukingo usibomoke ndizo zinazopokea vishindo. Mashua ya nahodha ni pana, imeezekwa, ina viti vya kuegemea, na huzunguka kwa muda wa kama saa moja, ikipita mfereji wa kijiji na kutokea katika ziwa la Bovenwijde. Jambo moja la kuangalia ni kushuka kutoka gatini hadi ndani ya mashua: mwambieni nahodha mapema kuhusu goti, naye atampa mama mkono na kumketisha mbele.

Mzee wa Forodhani:

Nakubaliana na ndugu wa Zwolle kuhusu mashua, lakini mbona hakusema lolote kuhusu tarehe? Mei ina hatari zake. Wiki ya kwanza shule nyingi za Uholanzi huwa zimefungwa, na baadaye zinakuja sikukuu za Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, ambazo huwaleta Wajerumani kwa maelfu. Wenyeji hawafiki 3,000, na siku za namna hiyo ni wao wanaoonekana wageni. Nendeni Jumanne au Jumatano, na kama mfuko unaruhusu mlale huko usiku mmoja. Mabasi ya watalii kutoka Amsterdam hufika karibu na adhuhuri na kuondoka alasiri, kwa hiyo aliyelala kijijini hupata asubuhi na jioni nzima bila msongamano. Mkitoka Köln na kurudi siku hiyo hiyo, mtafika wakati ule ule mbaya, mkiwa mmechoka. Mimi hata ningethubutu kusema kwamba Dwarsgracht, kijiji jirani chenye mifereji na nyumba za namna ile ile, kinapendeza zaidi kwa sababu hakuna anayekipiga picha, ila najua mama amekwisha kuchagua.

Mwalimu wa Jiografia:

Niongeze kidogo juu ya asili ya mifereji hiyo, kwa maana nahodha husema machache na kwa haraka. Haikuchimbwa kwa ajili ya kupendezesha mji. Eneo lile lilikuwa kinamasi, na udongo wake mweusi, uliotokana na mimea iliyooza kwa karne nyingi, huwaka vizuri ukikaushwa. Watu waliukata, wakauanika juu ya vipande virefu vya ardhi vilivyoachwa katikati ya maji, wakausafirisha kwa mashua na kuuuza kama kuni. Mifereji ilikuwa njia za kupitishia mzigo huo. Tatizo ni kwamba tamaa iliwafanya wachimbaji wapanue mashimo na kupunguza vipande vya kuanikia, hata upepo mkali ulipovuma hapakuwa na kitu cha kuyazuia mawimbi. Dhoruba za 1775 na 1776 zilivimeza vipande hivyo, maziwa yakaungana, na kijiji cha Beulake, kusini mwa Giethoorn, kikazama. Leo maziwa na matete ya upande ule ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Weerribben-Wieden, na matete hayo, yanayokatwa wakati wa baridi, ndiyo yanayoezekea mapaa mtakayoyaona.

Mapaa yenyewe yatazameni vizuri. Katika nyumba nyingi za zamani sehemu ya nyuma, yaani ghala, imeinuka juu kuliko sehemu wanayoishi watu, kwa kuwa kisiwa hakikuwa na nafasi ya kutanua jengo, na nyasi za ng'ombe zilipoongezeka, mkulima aliliinua ghala kwenda juu. Nyasi zilifika kwa mashua, na ng'ombe pia. Yote haya yanaonyeshwa katika jumba la makumbusho la 't Olde Maat Uus, ambalo ni nyumba ya mkulima iliyohifadhiwa. Umaarufu wa kitalii ulikuja baadaye sana, baada ya filamu ya kuchekesha ya mwongozaji wa Kiholanzi Bert Haanstra, *Fanfare*, iliyopigwa huko na kutolewa 1958.

BintiPangani (Köln):

Nawashukuru sana. Tumeamua kwenda Jumanne na kulala usiku mmoja. Nimemsomea mama majibu yenu kwa simu, naye ameuliza swali ambalo sikulitarajia: je, hakuna mashua ya kusukumwa kwa pondo? Anasema marehemu baba yake alimvusha hivyo mtoni alipokuwa mdogo, na kwamba mashua ya umeme ataipanda siku nyingine.

Mkazi wa Zwolle:

Zipo, na mama amegusa penyewe. Mashua ya asili ya Giethoorn, ambayo huitwa punter, ni nyembamba, ina tako bapa na ncha zilizoinuka, na iliendeshwa kwa pondo ndefu kwa sababu maji ni mafupi. Hata ziwa la Bovenwijde lina kina cha kama mita moja tu. Baadhi ya wakodishaji bado wanazo za mbao. Ila ni nyepesi na huyumba mtu anaposimama, kwa hiyo mtoto avae jaketi la kuokolea, mama aketi katikati, na pondo ishikwe na mwenye magoti mazima. Zikodini jioni kwa muda wa saa moja, mfereji ukiwa umepungua watu, na ile ya nahodha ipandeni kesho yake asubuhi kabla ya basi la kurudi Steenwijk.