Mrejesho: mkasi wa racheti kwenye miembe, Tabora

Wakuu, niliwauliza ninunue mkasi gani wa mikono mirefu wa kupogolea miembe ya nyumbani, wa kawaida au wa racheti, maana bega langu halitaki tena kazi za nguvu. Nilichukua wa racheti, na maembe yalipoisha nikaanza kazi.

Bega limepona. Unabana, unaachia kidogo, meno yanashika hatua nyingine, unabana tena, hadi tawi nene kama mpini wa jembe linaachia. Ila ni wa polepole. Vijitawi vyembamba mkasi wa kawaida ungeshavimaliza.

Yule aliyesema niangalie kisu kwanza, shikamoo mzee. Wangu una kisu kimoja kinachotua juu ya bapa la chuma. Tawi kavu, safi kabisa. Tawi bichi linapondeka ganda upande wa bapa, kwa hiyo naacha kisiki kifupi, kisha namalizia kwa msumeno nje kidogo ya uvimbe wa shingo ya tawi, pale linapoungana na shina, bila kuugusa. Kama matawi yako mengi ni mabichi, tafuta wa visu vya kupishana.

Mkasi umeandikwa kuwa unakata tawi la unene wa hadi sentimita 5. Mimi nikishapita 4 nachukua msumeno, naanza kukata kwa chini ili ganda lisichanike.

Vaeni glavu, utomvu wa mwembe unaunguza ngozi.

Kuhusu kunoa: kisu cha kutua kwenye bapa kama changu hunolewa pande zote mbili, cha kupishana upande mmoja tu.