Nyambizi ya Thetis: tezi (sehemu ya nyuma) ilikuwa juu ya maji, mbona walikufa?

MwanaPwani: Wakuu, kuna jambo linanisumbua. Thetis, nyambizi ya Uingereza, ilizama kwenye Ghuba ya Liverpool tarehe 1 Juni 1939 ikifanyiwa majaribio. Omo, yaani sehemu ya mbele, ilikita kwenye tope, tezi ikachomoza juu, na waokoaji waliiona kwa macho. Kati ya watu 103 walitoka 4 tu. Hewa iliwaishia vipi ndani ya siku moja?

MtuWaUsingizi: Mkuu, kilichowaua hasa ni hewa ukaa, ile waliyokuwa wakiitoa wenyewe puani. Mimi natoa dawa za usingizi chumba cha upasuaji. Mashine yetu ina kopo la sodalaimu, punje nyeupe za kunyonya hewa hiyo. Zikichoka hugeuka zambarau. Kopo likifanya kazi huwa na joto. Usiku mmoja nililigusa mgonjwa akiwa mezani, nikalikuta baridi. Oksijeni kwenye monita ilisoma 99, lakini mapigo yanapanda na jasho linamtiririka kwenye paji la uso. Nilibadilisha kopo mikono ikitetemeka. Kila nikisoma habari za Thetis nauona uso ule.

Chombo kile kilikuwa cha mabaharia 53. Siku hiyo kilijaa mafundi na wageni, karibu mara mbili, na vyumba viwili vya omo vilishaingia maji. Kufikia asubuhi watu wanahema, kichwa kinagonga, akili haishiki jambo. Mtu wa hali hiyo ndiye unayemtaka avae kifaa cha kupumulia, afungue vali kwa mpangilio, atulie chumba cha kutokea kijae maji!

MwanaPwani: Nimekuelewa sana. Basi siku hizi nyambizi ya uokoaji ikiwafikia watu walionasa chini, wamepona?

Mzamiaji_Pemba: Bado, ndugu yangu. Maji yakiingia, hewa ya ndani inabanwa, naitrojeni inazama mwilini kama gesi ndani ya soda. Ukiwatoa ghafla inafumuka mapovu kwenye damu na uti wa mgongo. Binamu yangu alikuwa anazamia jongoo bahari na mtungi, akapanda haraka. Mpaka leo anatembelea gongo. Mfumo wa uokoaji wa Uingereza, Ufaransa na Norway unaokaa Faslane, Scotland, huwahamisha watu hadi kwenye chemba za melini, yaani vyumba vya kudhibiti presha, presha ikiwa ileile, kisha hupunguzwa kidogo kidogo.

MtuWaUsingizi: Na mhudumu akiingia humo kumfunga mtu kidonda, naye hatoki hivihivi. Lazima ashushwe presha kama wagonjwa wake.