ATI HEKALU LANGU LINA NYUFA? Yule mtumishi wa semina za unabii leo amenivua nguo mbele ya kanisa

Binti_wa_Mishomoroni

Niko kwenye matatu narudi nyumbani, mikono yatetemeka, lakini nitaandika tu.

Mwamjua. Jina sitaji, sitaki kesi, lakini mwamjua. Yule mwenye chati ya kitambaa ya mnyama wa vichwa saba, akiitandaza inatoka ukuta hadi ukuta, watoto wa shule ya Jumapili wakienda kulala wanaweweseka. Yule ambaye spika zake zikifunguliwa Kisauni, Lamu wanasema amina. Popo wa mji huu wamehama kwa sababu yake.

Leo ameniambia, kwa maiki, ati hekalu langu lina nyufa.

NYUFA.

Na mimi nilikuwa nimeuliza swali tu. Tangu saa tisa alikuwa anatufundisha: hekalu la tatu litajengwa Yerusalemu, dhabihu zitarudi, mpinga Kristo ataingia akae humo, na katikati ya lile juma la sabini la Danieli, yaani miaka saba ya mwisho, azikomeshe hizo dhabihu, sisi tukiwa tumeshanyakuliwa tuko juu tunatazama. Sawa, nikasikiza. Kisha akaleta ng'ombe. Wale ndama wekundu watano waliotolewa Texas wakapelekwa Israeli mwaka 2022, kwa sababu ya Hesabu 19, ati majivu ya ndama mwekundu ndiyo ya kutakasa watu kabla hekalu halijaanza kazi. Picha ya ndama mmoja ikajaa ukuta mzima, tunatazamana naye macho kwa macho, na huku bahasha zapita.

Nikainua mkono kwa adabu. Nikasema, Mtumishi, Bwana Yesu asifiwe. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wao ndio hekalu la Mungu. Na Yohana sura ya 2, Yesu aliposema livunjeni hekalu hili, Yohana mwenyewe ameeleza kwamba ni mwili wake alioutaja. Sasa tukichangia hekalu la mawe na ng'ombe wa kuteketezwa, damu ya msalaba tunaipeleka wapi?

Akanyamaza. Akanitazama toka viatuni hadi kitambaa cha kichwa. Akasema, "Dada, kama wewe ndiwe hekalu, basi hekalu lako lina nyufa. Tafuta fundi."

Na yule kijana wa kinanda, ambaye nimemnunulia mahamri na mbaazi kwa pesa yangu kabla ya ibada, akapiga ile ting'iriri ya kuchekesha. Kanisa likaanguka. Mama mkwe wangu alicheka hadi akashikilia kiti cha mbele. Mzee wa kanisa ambaye hajatabasamu tangu Uhuru alitoa leso akafuta machozi.

Tafuta fundi! Mimi! Mimi ninayepiga deki hiyo madhabahu anayosimama!

Angenijibu kwa Maandiko ningenyamaza. Yesu alisema Mathayo 24 halitabaki jiwe juu ya jiwe, Tito akaja na majeshi ya Rumi mwaka 70, likabomolewa, ukienda Rumi leo kwenye tao la Tito wamechongwa askari wamebeba kinara cha taa cha hekalu. Ni jambo lililotimia. Ningependa anionyeshe nilipokosea. Lakini nyufa? Jamani, NYUFA?

Msafiri_Likoni

Pole sana dada. Lakini hiyo ya fundi nimeisoma mara mbili, watu kwenye foleni ya feri wananitazama nikicheka peke yangu 😂

Mlinzi_wa_Zamu

Mtumishi hakufaa kusema vile, ila fundisho lake liko sawa. Soma 2 Wathesalonike 2:4, mtu wa kuasi ataketi katika hekalu la Mungu. Ataketi vipi ndani ya hekalu lisilokuwako? Na Ufunuo 11 Yohana anapewa mwanzi alipime hekalu. Wataalamu wengi wanasema Ufunuo uliandikwa karibu mwaka 95, lile hekalu la Herode, la wakati wa Yesu, limeshabomolewa zamani. Alipima lipi kama si linalokuja?

Binti_wa_Mishomoroni

Wako pia wanaosema uliandikwa wakati wa Nero, kabla ya mwaka 70, na hekalu liko wima. Na Paulo akiwaandikia Wathesalonike lilikuwa bado linafuka moshi wa dhabihu. Lakini ndugu yangu, mimi sikuja kufanya semina nyingine hapa. Nimeambiwa nina nyufa mbele ya mama mkwe. Unajua Krismasi itakuwaje?

Sabato_Njema

Nyote wawili mnatazama chini. Hekalu liko mbinguni, Waebrania 8 na 9. Siku 2300 za Danieli 8:14 ni miaka, ziliisha tarehe 22 Oktoba 1844, Kristo akaanza huduma yake patakatifu pa patakatifu. Hakuna ng'ombe wa Texas hapo wala fundi.

Msafiri_Likoni

Si ndiyo hiyo siku yule mhubiri wa Marekani, William Miller, na watu wake walingoja Yesu arudi wakalala njaa?

Sabato_Njema

Walikosea tukio, hawakukosea tarehe. Na heshima kidogo.

Mkatoliki_wa_Makupa

Binti, njoo kwetu. Mahubiri ni dakika kumi na maswali hayaulizwi kabisa, kwa hiyo hakuna wa kukupasua. Ile miaka elfu ya Kristo kutawala, ya Ufunuo 20, Agostino alishaifundisha kuwa ni wakati huu wa Kanisa, tukaenda zetu nyumbani kula. Hiyo habari ya kunyakuliwa kwanza halafu dhiki, John Nelson Darby aliieneza karne ya 19, na Biblia ya Scofield ya 1909 ikaisambaza Marekani. Huyo mtumishi wenu anaisema kana kwamba aliipokea Patmo, kisiwani Yohana alikoonyeshwa Ufunuo.

Halafu hekalu hilo lilishajaribiwa. Kaisari Juliani wa Rumi aliamuru lijengwe tena mwaka 363. Ammianus Marcellinus, ambaye hata Mkristo hakuwa, ameandika kwamba mapande ya moto yalilipuka kwenye misingi, mafundi wakaungua, kazi ikaachwa.

Mlinzi_wa_Zamu

Kwa sababu saa ilikuwa bado.

Mkatoliki_wa_Makupa

Mafundi wenyewe walikuwako lakini 😂

Binti_wa_Mishomoroni

MSINITAJIE FUNDI.

Jirani_wa_Kisauni

Asalaam aleikum. Mimi Muislamu, napita tu. Hapo Yerusalemu mnapogawana viwanja pana Kubba ya Mwamba tangu mwaka 691 au 692, na msikiti wa Aqsa kando yake, na watu wanaswali. Sikusikia mtu hata mmoja hapa akiuliza wao wataenda wapi. Pili, hizo spika naziishi. Ukuta wa chumba changu cha kulala ndio ukuta wa hilo kanisa. Mtoto wangu ana miaka minne, ameshahifadhi tarumbeta zote saba. Nyufa ziko kwangu, tena za kweli, njooni nizipige picha muone.

Msafiri_Likoni

Bora wewe una mlango wa kutokea. Sisi kuna mmoja anapanda feri kila asubuhi na Gogu na Magogu wake. Ukitaka kumkimbia, pande zote ni bahari.

Mama_Viazi_Karai

Huyo wa feri namjua! Alikula viazi vyangu vya shilingi mia, kudai pesa akaniambia hazina yangu iko mbinguni.

Kidole_cha_Kinanda

Shikamoo dada Binti. Mimi ndiye kijana wa kinanda. Nakuomba usiniweke kwenye huu uzi vibaya, tumekubaliana na mtumishi kwamba akiinua mkono wa kushoto mimi napiga. Akainua. Mimi hata sikusikia alichosema.

Binti_wa_Mishomoroni

Marahaba. Kwa hiyo ilikuwa IMEPANGWA? Alijua atanipasua kabla sijamaliza kuuliza? Mahamri yangu umekula.

Kidole_cha_Kinanda

Mahamri nashukuru, ndicho nilichokula siku nzima. Posho yangu ya mwisho nilipata Pasaka. Nikiuliza naambiwa Bwana yu karibu.

Soprano_wa_Pili

Afadhali wewe posho. Sisi kwaya tulichanga kitambaa, tukaagiza samawati, pale Biashara Street ikachukuliwa zambarau. Tulikaa madhabahuni kama biringani. Chenji haikurudi.

Mama_Viazi_Karai

Zambarau ndiyo ilikuwa na punguzo wiki ile, hata mimi nilinunua. Mita moja ilikuwa chini kuliko samawati. Kwa hiyo chenji ilikuwako, na si kidogo.

Mlinzi_wa_Zamu

Nani aliyepokea pesa ya kitambaa?

Soprano_wa_Pili

Mweka hazina anasema alimpa mke wa mtumishi. Mke wa mtumishi anasema alimpa fundi cherehani wa Kongowea. Fundi simu haishiki.

Jirani_wa_Kisauni

Huyo fundi wa Kongowea ana kanzu yangu tangu Idi.