Naacha pombe, natafuta kikundi cha kukaa nacho hapa Dar ila sio cha kulala ndani

Mzee_wa_Spea
Wakuu habari za usiku, naomba msaada na naomba msinicheke. Nina miaka 43, nauza spea za magari Gerezani, nakaa Tabata na mke na watoto watatu. Mtungi nimeanza kitambo ila hii miaka minne imekuwa balaa, saa nne asubuhi lazima nipate kichupa ndo mkono utulie niweze hata kuandika risiti. Viroba vilivyopigwa marufuku 2017 nikajidanganya sasa naacha, wapi, nikahamia kwenye chupa.

Nimejaribu sehemu mbili. Soba hausi wanataka nikae ndani miezi, sasa duka atafungua nani, na wengi pale ni vijana wa unga, tunaheshimiana ila stori zetu hazigusani. Ya pili kikundi cha maombi, nilienda vizuri tu mpaka siku nikaambiwa nisimame mbele nitoe ushuhuda, kugeuka namwona mteja wangu wa dukani kakaa benchi la tatu. Sikurudi. Siku hiyohiyo nikapitia grosari.

Nataka sehemu watu wanaongea tu, jioni, halafu nikitoka habari zangu zisinitangulie Tabata. Ipo kweli?

Bi_Nesi
Pole kaka. Hiyo ya mkono kutetemeka umeitaja juujuu, mimi ndo imenishtua kuliko yote. Mwili ukishazoea pombe hivyo usiikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Wengine wanapata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuanza kuona vitu havipo, anaongea hovyo, homa juu, ndugu wanasema karogwa wanampeleka kwa mganga wakati ile ni arosto ya pombe na inaua. Hospitali kuna dawa za kumtuliza na vitamini B1, ila chini ya daktari, sio ukanunue mwenyewe duka la dawa.

Wewe upo Tabata, Amana ni hapo tu, nenda uombe kuonana na watu wa afya ya akili. Usiende kupanga foleni ya methadone, ile ya Muhimbili ilianza 2011 kwa ajili ya heroini, pombe haihusiki kabisa. Nimeshaona mtu kapoteza wiki mbili hivyo.

Kikundi kije baada ya hapo.

chaliwakimara
Mzee mwanaume anaamua tu, baba yangu aliacha siku moja hakuhitaji kikao

Soda_Tu
Dogo mshukuru Mungu kwa baba yako, sisi wengine tuliamua kila Jumatatu miaka kumi.

Mzee wa spea, unachoelezea ni vikao vya AA, yaani Alcoholics Anonymous, walevi wanaokutana kusaidiana kuacha. Vilianza Marekani 1935, walevi wawili tu, mmoja mtu wa mambo ya hisa na mwenzie daktari wa upasuaji, na inasimuliwa huyo daktari bia yake ya mwisho alipewa asubuhi ya siku ana operesheni ili mkono utulie. Unaona hauko peke yako. Mtu anataja jina la kwanza basi, hulazimishwi kuongea, hakuna kiingilio, wanachotaka ni uwe una nia ya kuacha tu. Vikao vya wazi anaingia yeyote, vya kufungwa ni walevi wenyewe, kwa hiyo wewe unayeogopa wateja ulizia vya kufungwa. Wanamtaja Mungu, ila kwa namna unavyomwelewa wewe, mimi ni Muislamu na sijawahi kubanwa.

Vipo pia vya Zoom, nyingi Kiingereza. Mimi kikao cha kwanza nilikichukia, kuna mzee aliongea nusu saa kuhusu mbwa wake, cha nne ndo nikasikia mtu anasimulia maisha yangu. Kwa hiyo usihukumu kwa siku moja. Na kikundi kikikudai hela ya kujiunga au kikakuuzia chupa ya dawa, toka hapo.

Mama_Tegeta
Shemeji, mkeo anajua umeandika huku? Mwambie. Mume wangu alipoanza kwenda vikao mimi nilikuwa nashinda na hasira ndani, natafuta chupa nyuma ya friji wakati hazipo tena, kumbe kuna Al-Anon, toka 1951, ya ndugu wa walevi. Ilinisaidia kuliko ushauri wa mashoga zangu wote. Na ubadili kituo cha kushukia, kama grosari iko njiani shukia mbele utembee.

Mzee_wa_Spea
Nimesoma yote, mke nimempa simu asome na yeye, kakaa kimya muda mrefu halafu kaniuliza Amana wanafungua saa ngapi. Kesho tunaenda wote, duka atafungua mdogo wangu. @Bi_Nesi ile degedege nadhani mwaka jana ilishanipata, tukasema malaria.

Hiyo ya Zoom nitaingilia ndani ya gari maana nyumbani watoto wanasikia kila kitu. Lazima uso uonekane?

Bi_Nesi
Hiyo ya mwaka jana usisahau kumwambia daktari kesho. Anza nayo.

Soda_Tu
Hapana mkuu, zima kamera uandike jina moja. Mimi mwezi mzima nilikuwa Juma.